PS5 ya CD au isiyo na CD kwa mtu wa Dodoma? Nina msimamo wangu, nipingeni

MGOGO WA PEDI

Wakuu salaam.

Nataka kutoka kwenye PS4 niende PS5, hizi mashine za gemu za PlayStation za Sony. Hela inakaribia kutimia na nimeshaelewana na muuzaji mmoja Kariakoo. Nitashuka na SGR Ijumaa jioni, Jumamosi narudi nayo nimeipakata, maana mzigo kama huo hautumwi kwa basi. Tatizo, jamaa ananisukuma nichukue ile isiyo na sehemu ya CD. Anasema ni nyepesi, ni ya kisasa, na bei inapungua kwa laki mbili na nusu. "Siku hizi nani anahangaika na CD?" ndiyo kauli yake.

Naomba majibu ya walio nayo tayari, hasa mlioko huku kanda ya kati: Dodoma, Singida, Manyoni, Kondoa. Isiyo na CD mnaishi nayo vipi? GB za kushushia gemu mnazitoa wapi? Na mwenye ya CD, anaitumia kweli au imebaki pambo?

Sasa niweke msimamo wangu mezani kabisa ili anayetaka kunipinga asipate tabu.

Mimi habari za gemu ndiyo kifungua kinywa changu. Kwenye daladala ya kwenda Mtumba nasoma hizo kwanza, usajili wa Simba na Yanga baadaye. Kinachonichosha ni kwamba waandishi wa kule majuu wanaandika kana kwamba kila mchezaji duniani ana intaneti ya waya sebuleni na kadi ya benki isiyokataliwa popote. Novemba 2024 Sony wametoa PS5 Pro kwa dola 700, haina sehemu ya CD, ukiitaka unainunua pembeni. Alan Wake 2 ilitoka Oktoba 2023 bila CD kabisa, CD ikaja mwaka mmoja baadaye. Wachambuzi wakasema ndiko dunia inakoelekea, wakaendelea na mengine. Hakuna aliyeuliza mtu wa Nkuhungu anaelekea wapi.

Kwanza, wengi hawajui kwamba kwenye akaunti za PlayStation Tanzania haipo. Fungua akaunti mpya uone: kwenye orodha ya nchi, kwa Afrika yote utaikuta Afrika Kusini peke yake. Kwa hiyo kila mwenye PS hapa mjini ni Mmarekani, Mwingereza au Msauzi wa kujiandikisha. Mimi ni Mmarekani niliyepanga vyumba viwili Nkuhungu. Vocha ya duka lazima iwe ya nchi ile ile uliyodanganya, ya nchi nyingine inakataa. Mei 2024 jambo hili lilitoka hadharani. Sony walitangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima wawe na akaunti ya PSN, yaani mtandao wa PlayStation, na gemu ikaondolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170 ambako PSN haipo rasmi. Watu wakapiga kelele, Sony wakaondoa sharti ndani ya siku chache, wachambuzi wakashangilia ushindi wa wachezaji. Mimi nilibaki naangalia urefu wa ile orodha ya nchi.

CD haikuulizi unatoka wapi. Iwe imenunuliwa Dubai, London au Kariakoo, ukiitia inacheza.

Halafu kuna mzunguko. God of War ya 2018 niliyonayo niliinunua kwa mtu wa Kisasa. Tangu hapo imekwenda Area A kwa shemeji, imekwenda Kongwa na mwalimu mmoja aliyekuwa likizo, ikarudi ikiwa ndani ya kava la FIFA 19, nikaibadilisha kwa muda na Ghost of Tsushima, ikarudi tena. Nyumba tano zimeicheza na aliyeilipia bei ya dukani ni mmoja, tena simjui. Gemu ya kushusha mtandaoni huwezi kumpa mwalimu wa Kongwa aende nayo.

Sisi tuliokulia Chang'ombe ya hapa Dodoma tunalijua hili toka zamani. Kibandani kulikuwa na PS2 mbili, TV za kichogo, kanga imetundikwa mlangoni ili jua lisipige kioo, na memori kadi moja iliyobandikwa plasta nyeupe yenye maandishi ya kalamu nyekundu: USIFUTE. Na kila wiki kulikuwa na mtu amefuta. Mwenye gemu yake ya GTA San Andreas iliyofika mbali alikuwa anakuja asubuhi kabla kibanda hakijafunguliwa, ahakikishe yeye ndiye wa kwanza kuangalia kama bado ipo. Kodi za gemu, zile za kudanganyia, tuliziandika nyuma ya daftari la hesabu. R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu: CJ, yule jamaa wa San Andreas, anajaa afya, anapata kizibao cha kuzuia risasi na dola 250,000. Kuna watoto hawakuijua jedwali ya saba mpaka wanamaliza shule, lakini hiyo waliisema bila kupepesa. CD ikikwaruzika, mwenye kibanda aliipaka dawa ya meno, akaifuta kwa pamba kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha, akiwa anatutukana sote kwa jumla.

Ile PS2 ilifikaje Chang'ombe? Ilishuka bei. Marekani ilianza kuuzwa dola 299 mwaka 2000, kufika 2009 ilikuwa dola 99, na dunia nzima zikauzwa zaidi ya milioni 160. Mashine ikizeeka ilikuwa inateremka mpaka inatufikia. Sasa hivi mambo yamegeuka. PS5 ya CD ilianza na dola 499 mwaka 2020, Agosti 2025 Sony wakaipandisha kule Marekani mpaka dola 549. Miaka mitano sokoni halafu inapanda! Tukisubiri iteremke tutasubiri sana, ndiyo maana nimeamua ninunue sasa kabla ya GTA VI. Tarehe waliyotoa ni 19 Novemba 2026, baada ya kuitoa 2025 wakaipeleka 26 Mei 2026, kisha wakaisogeza tena. GTA V ilitoka Septemba 2013. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule sasa yuko darasa la saba.

Kwa hiyo moyo wangu uko kwenye CD. Ila laki mbili na nusu ni hela. Nishaurini. Natanguliza shukrani.

ZABIBU KAVU

Naweka kiti changu hapa. Ngoja waje wenye mashine, sisi wa eFootball ya simu tunasoma tu.

Ila hilo la dawa ya meno umenikumbusha mbali. Kwetu Majengo ilikuwa mafuta ya nazi. Haikusaidia chochote, lakini CD ilikuwa inang'aa.

FUNDI MAKOLE

Mgogo wa Pedi, mimi nazifungua hizi mashine kila siku, nakwambia kile ninachokiona mezani, siyo cha kwenye matangazo.

Ukinunua mpya, chukua ile nyembamba iliyotoka Novemba 2023. Ile sehemu ya CD inachomoka. Maana yake hata ukichukua isiyo nayo leo, kesho unaweza kuinunua peke yake ukaichomeka. Kule Marekani waliitoa kwa dola 80. Lakini sikiliza vizuri: ukiichomeka mara ya kwanza lazima mashine iwe kwenye intaneti ili vitambuane, la sivyo haisomi kitu. Kuna kijana kutoka Mpwapwa aliniletea mashine akiamini imeungua, kumbe hakuwa ameiunganisha. Niliiunganisha na simu yangu, nikala soda yake.

Ukinunua iliyotumika, hasa ile nene ya 2020, kuwa mwangalifu zaidi. Sehemu yake ya CD imefungwa ndoa na bodi kuu kiwandani. Ikifa, huwezi kuchukua ya mashine nyingine ukaiweka hivi hivi, lazima bodi ndogo ya ile ya kwanza ihamishwe pia. Ikiwa na yenyewe imekufa, basi umebaki na mashine isiyo na CD uliyoilipia bei ya CD. Kwa hiyo usikubali kuonyeshwa menyu peke yake. Nenda na CD yako mkononi, itie, icheze, itoe, itie tena. Sikiliza. Ikikwaruza kama mtu anayesaga mahindi, acha hapo hapo.

Vumbi. Dodoma unaijua, kuanzia Juni upepo ukianza kila kitu ndani ya nyumba kinakuwa chekundu. PS5 ina matundu mawili ya kukusanya vumbi, ukitoa kava la pembeni unayaona, unaweka mdomo wa mashine ya kunyonyea unavuta. Fanya hivyo mara kwa mara, usisubiri ianze kulia. Na usimpe fundi wa simu aifungue mpaka ndani. Kati ya chipu na chuma cha kupozea kuna metali ya majimaji, siyo ile krimu nyeupe tuliyoizoea kwenye PS4. Ikimwagikia bodi hunirudii mimi kwa lawama.

Pedi nazo. Pedi ya PS5, ile ya kushika mkononi, ikianza kutembea yenyewe, mchezaji anakwenda kulia hujamgusa, tatizo ni kile kijiti ndani kinasuguana mpaka kinalika. Siku hizi vinapatikana vya sumaku ambavyo havisuguani. Nabadilisha. Bei tutaongea, hapa siyo mahali pake.

Jambo la mwisho, ambalo hukuligusa. Unaisifia CD kana kwamba bado ni ile ya San Andreas. Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022, ndani ya CD kulikuwa na takriban MB 70, mengine yote unashusha. Doom: The Dark Ages ya 2025, MB 85. Hizo CD ni funguo tu. Kabla hujanunua uliza walioinunua kama gemu nzima imo.

MTORO WA CHIMWAGA

Kaka Mgogo, kwa heshima zote, hapa mnaongea wazee wa PS2. Mimi nina ile isiyo na CD, niko UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na sijawahi kujuta.

Kwanza, mnavyosema GB, mnasema kama bado tuko kwenye modemu. Usiku wa manane nawasha, nalala, asubuhi gemu imeshuka. Kubwa kabisa inachukua usiku mbili. CD gani itanipa punguzo la asilimia 70 bila kutoka chumbani? Sikuhizi gemu mpya ni dola 70, nani anainunua siku ya kwanza? Mimi nasubiri msimu wa punguzo, natia vocha, nachukua tatu kwa bei ya moja.

Pili, kugawana kupo. Mimi na mwenzangu tuna akaunti moja ya kununulia. Kwake imewekwa kama mashine kuu, kwangu naingia kwa akaunti yenyewe, sote tunacheza kwa wakati mmoja. Tunachanga nusu kwa nusu. Wewe ukimpa mwalimu wa Kongwa CD, wewe unacheza nini?

Tatu, CD hosteli hazikai. Sisemi zaidi.

Nne, angalia vijana wanacheza nini. eFootball bure tangu 2021, Fortnite bure, Rocket League bure tangu 2020. Hapo CD ya nini? Na wengi hata mashine hawana, wana simu na PPSSPP, ile programu ya kuchezea gemu za PSP, wamewekewa PES yenye jezi za Simba na Yanga, wanapigana vichwa hadi saa nane usiku. Utamaduni wa gemu wa Dodoma leo uko pale, hauko kwenye rafu ya CD. Laki mbili na nusu nunua pedi ya pili ubaki na chenji.

MGOGO WA PEDI

Fundi, nimekusoma, nitakuja na mashine kabla haijaanza kulia. Hiyo ya kutia CD na kutoa nimeiandika.

Mdogo wangu wa Chimwaga, umeongea vizuri na kwenye gemu za bure sina ubishi, CD hazihitajiki huko. Lakini mbona umeruka swali la msingi? Hizo tatu ulizonunua kwa bei ya moja ni za nani?

The Crew ya Ubisoft ilitoka 2014, watu wameinunua kwa hela zao. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa na gemu ikafa yote, hata ile sehemu ya kucheza peke yako, kwa sababu iliundwa itegemee seva. Aliyekuwa na CD na asiyekuwa nayo wote wakakosa, nakubali, hapo CD haikuokoa mtu. Lakini baada ya hapo Ubisoft wakawaondolea watu hata leseni kwenye akaunti zao. Kuzimwa huko kwa seva ndiko kulikomfanya Ross Scott, mtengeneza video wa YouTube, aanzishe ile kampeni ya kuzuia gemu zisiuawe, na kufika Julai 2025 Wazungu zaidi ya milioni moja walikuwa wamesaini iende Umoja wa Ulaya. California nao wametunga sheria, imeanza 2025: duka la mtandaoni haliruhusiwi kutumia neno "nunua" bila kukueleza kwamba unapewa leseni tu. Wenzetu wana milioni moja ya saini na sheria ya jimbo. Wewe kijana wa Chimwaga, raia bandia wa Marekani, ukifungiwa akaunti utakwenda kulalamika wapi? Wakikuambia uthibitishe makazi, utawapelekea barua ya mwenyekiti wa mtaa?

Duka la Xbox 360 limefungwa Julai 2024. La Wii U na 3DS, Machi 2023. La PS3 Sony walitangaza kulifunga 2021 wakabadili mawazo baada ya kelele. Februari 2025 PSN ilizimika karibu siku nzima, wenye usajili wa kulipia wa PS Plus wakaongezewa siku tano kama pole. Mimi siku ile nilikuwa nacheza Bloodborne ya CD, nilisikia habari hiyo kesho yake kwenye daladala.

Na kuna hoja moja hujaigusa, wala muuzaji wa Kariakoo hakuigusa. PS5 ya CD inasoma CD za PS4. Mimi nina rafu. Uncharted 4, Bloodborne, The Last of Us, Witcher 3, FIFA za miaka sijui mingapi. Nikichukua isiyo na CD, siku hiyo hiyo rafu yote inakuwa plastiki. Kuzinunua upya dukani, hata kwa punguzo lako la asilimia 70, ni zaidi ya hiyo laki mbili na nusu.

MAMA MASHINE NNE

Wanangu, mimi nina kibanda Area C, nacheka tu hapa. Mnabishana kama mawakili.

Mimi sichezi gemu. Marehemu mume wangu ndiye aliyeanzisha, mimi nimeendeleza. Mashine nne za PS4 zote za CD, na nawaambia sababu ni biashara. Mashine moja ikiharibika, CD yake nahamishia kwenye nyingine, kazi inaendelea. Umeme ukirudi baada ya kukatika, mtoto anatia CD, wanaanza. Mambo ya akaunti kudai niingize namba za siri mbele ya watoto thelathini siyawezi.

Hiyo FC mpya, gemu ya mpira iliyokuwa ikiitwa FIFA, inatoka kila Septemba, sinunui Septemba. Nasubiri Januari, ada za shule zinabana, watu wanakuja wenyewe kuniuzia. Na mwanangu Mgogo, hizo God of War na sijui Bloodborne, kwangu hazina mteja. Kijana anakuja na hela ya mechi moja, anataka mpira, na anataka amfunge jirani yake mbele za watu. Kipindi dakika nne nne, aliyefungwa anapisha. Ukimwekea gemu ya hadithi anasinzia.

Kero yangu ni moja. Kila wiki naulizwa, "Mama, mbona Yanga haimo?" Sina jibu. Man City imo, timu za daraja la pili Uingereza zimo, ligi ya kwetu haimo. Watoto wanachagua Arsenal wanaiita Simba.

Na wenye sare za shule siwaruhusu, muwaambie wadogo zenu.

MGOGO WA PEDI

Shikamoo mama. Wewe ndiye umenijibu swali kuliko wote.

Kuhusu FC, kaa ukijua EA wanaoitengeneza walikubali kuuzwa. Septemba 2025 walitangaza dili la dola bilioni 55: mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudia, Silver Lake na Affinity Partners ya Jared Kushner. Kati ya hizo, dola bilioni 20 ni mkopo. Habari zote nilizosoma zilijadili kama wafanyakazi watapunguzwa, na ni haki yao kujadili. Mimi nikajiuliza mkopo wa bilioni 20 atalipa nani. Atalipa yule anayefungua pakiti za wachezaji kwa hela yake kwenye Ultimate Team, ile sehemu ya FC ya kujijengea timu. FC siku hizi ile CD ni kiingilio tu, hela yenyewe wanaichukua ndani. Kibanda chako mama kinawashinda ujanja, kwa sababu vijana wako wanacheza mechi ya kawaida, hawafungui pakiti. Wewe ndiye mteja wasiyemtaka: CD moja iliyotumika, watu mia wanacheza, EA hawaoni senti baada ya mnunuzi wa kwanza. Ukisikia wanasema CD hazina soko tena, ujue wanakusema wewe.

MAMA MASHINE NNE

Marahaba. Waje waniseme hapa Area C.

MRANGI WA KONDOA

Nimesoma uzi wote, mnavutana kwenye gemu za Wazungu tu. Mgogo, CD zako hazitakuletea gemu zinazotengenezwa na watu wa bara hili. Aurion ya Kiro'o Games, Kameruni, 2016, ilitokea kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ya kushusha. Semblance ya Nyamakop kutoka Johannesburg, 2018. Sasa hao hao Nyamakop wametoa Relooted, unaunda kikosi mnavunja makumbusho za Wazungu mnarudisha vitu vilivyoibwa Afrika. Studio ndogo haina hela ya kuchapa CD na kusambaza mpaka kwenu Nkuhungu. Ukishikilia CD tu, hawa unawaua wewe mwenyewe.

Na Tales of Kenzera: ZAU, Aprili 2024, ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Ina sauti za Kiswahili. Nimeicheza yote kwa Kiswahili, mama yangu alikuwa anapita na kikapu akasimama, akauliza hao wanaongea na nani. Akakaa mpaka mwisho wa ile sehemu, kikapu mapajani. Mama huyo hajawahi kuitazama TV yangu zaidi ya kuniambia niizime.

MGOGO WA PEDI

Mrangi, hoja nzito hiyo. Kenzera nimeicheza kwenye PS5 ya kuazima, tena niliishusha kwa bando la usiku kama kijana wa Chimwaga. Sijawahi kusema nisishushe chochote. Ninachosema ni kwamba mashine ya CD inafanya yote mawili, hiyo nyingine inafanya moja. Na hao wa Johannesburg hela yangu wataipata, ila nasikitika Relooted ni ya Xbox na kompyuta, mimi wa PS natazama trela tu.

Nikiri pia kwamba uchezaji wa Kenzera wenyewe ni wa wastani. Kuruka kumetulia, mapigano yanajirudia, ramani ni finyu. Wachambuzi wa kule waliisema hivyo na mimi sioni sababu ya kuitetea kwa kuwa ina lugha yangu. Lakini kusikia mganga anabishana na Kifo kwa Kiswahili, kwenye spika za sebuleni, usiku, watu wamelala… Nilirudia ile sehemu ya mwanzo kwa ajili ya sauti tu.

Nimeamua. Ya CD, nyembamba, mpya, na nitaitia CD pale pale dukani mbele ya jamaa. Asanteni wote.

MTORO WA CHIMWAGA

Sawa kaka. Ila GTA VI ikitoka ndani ya CD kuna MB 70, utanitafuta.

MGOGO WA PEDI

Nitakutafuta unishushie. Si una usiku mbili?

ZABIBU KAVU

Mgogo, samahani kidogo, mimi kuna binamu ananiachia PS4 yake mwezi mzima, anakwenda Singida kikazi. Hiyo Bloodborne naweza kuiazima?

MGOGO WA PEDI

Inaazimwa. Masharti: unaacha na wewe CD ya kwako, haijalishi ni ipi, hata FIFA 17. Haipiti nyumba ya tatu bila kuniambia. Kava lirudi la Bloodborne, nimechoka na makava ya watu. Na dawa ya meno usiisogeze karibu, ikikwaruzika ilete kwa Fundi. Jumapili mchana niko Sabasaba sokoni, upande wa mitumba, njoo nayo mkononi.

ZABIBU KAVU

Ninayo FIFA 15, haina kava.

MGOGO WA PEDI

Njoo hivyo hivyo.